Mzee Anapodai Arudishwe Kwao

Katika mitaa ya Rumonge iliyo karibu na maji, jua linapoanza kuzama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi huteremka ufukoni wakiwa na nyavu na taa zao. Ndiyo saa yao ya kazi. Na ndiyo saa ambayo mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hupata taabu kubwa kuliko nyingine zote. Akiwa alivua kwa miaka arobaini, atainuka, atatafuta kasia lake, na atadai kwamba wenzake wanamngoja mtumbwini. Madaktari wanaifahamu hali hii: wagonjwa wengi huzidiwa na wasiwasi tangu jioni hadi usiku. Huku kwetu wasiwasi huo una njia uliyoizoea, nayo inaishia ziwani.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee mtupu, wala si kurogwa, kama wanavyonong'ona baadhi ya majirani. Aina yake iliyoenea zaidi inaitwa kwa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani limekadiria wagonjwa wa aina zote kuwa zaidi ya milioni 55, na walio wengi wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Wanaodhani kwamba ni maradhi ya Wazungu na watazame jirani zetu: uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wapata sita walikuwa nao.

Huko Ulaya jamaa humpeleka mgonjwa wa namna hii katika nyumba maalumu za kuwatunzia. Kwetu hupelekwa kwa mwanawe. Lakini kuhama ni kuhama, na katika mwambao huu wazee wamehamishwa mno. Mwaka 1972 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, wakaishi miaka mingi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya 50,000 kati yao walirejea. Wapo waliokuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, wakapewa nyumba katika vijiji vya amani, mfano Mutambara. Kisha maji ya Tanganyika yakapanda, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, yakawaondoa watu wa ufukoni majumbani mwao. Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini mwaka 1972 sasa amepita themanini.

Na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Maradhi haya hula kwanza kumbukumbu za karibuni, yakayaacha ya zamani kwa muda mrefu. Basi mzee aweza kuisahau nyumba aliyolala miaka kumi, huku akiukumbuka mchikichi ulioota nyuma ya jiko la mama yake. Anaposema, "Nipelekeni kwetu," usifanye haraka kumjibu, "Hapa ndipo kwenu, baba." Pengine anasema Katumba, pengine shamba la kabla ya 1972, na pengine anasema tu kwamba anaogopa. Muulize kwao kukoje. Mwache asimulie, kisha mtembee pamoja kidogo na kurudi. Akimwulizia mkewe aliyekufa, usimpashe habari ya msiba kila siku, kwani kila siku kwake ni msiba mpya.

Siku ya kumhamisha na iwe asubuhi, akili ikiwa imetulia. Vitu vyake vimtangulie: mkeka, kigoda, kikombe kile kile hata kama kimepasuka. Kitanda kikae upande ule ule wa mlango aliouzoea, na taa ndogo imwonyeshe njia ya chooni. Nyumba zikifanana safu nzima, mlango wake upakwe rangi au utundikwe kipande cha wavu. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye majuma ya mwanzo, tena aongee naye lugha ya utotoni, maana wapo wagonjwa wanaorejea Kirundi wakaiacha Kiswahili waliyojifunza ukubwani.

Mikono husahau baadaye kuliko kichwa. Mvuvi apewe wavu aushone, hata ukifumuliwa kesho. Mama apewe chikichi achambue. Kule Hai wagonjwa walikutanishwa kwa mazungumzo na michezo ya kuamsha fikra, na matokeo yakawa ya kutia moyo.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu bado haijapatikana. Hata hivyo, mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali bila kukawia. Yaweza kuwa malaria au uambukizo wa njia ya mkojo, navyo vinatibika. Kwa matatizo ya akili kipo pia kituo cha Kamenge, mjini Bujumbura, umbali wa kilometa zipatazo 75 kutoka Rumonge.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Katika mashauri ya ardhi ya huku, mzee ndiye shahidi wa mipaka. Kumshika mkono aliyeugua ili atie dole gumba kwenye karatasi ya shamba ni wizi, hata akifanya hivyo mtoto wake wa kumzaa. Ushuhuda wake uandikwe mapema, mbele ya wazee wenzake, angali na fahamu zake.

Mzigo wote huu kwa kawaida humwangukia binti au mkaza mwana mmoja. Sisi tuliopitia mafunzo ya kijeshi twajua kwamba mlinzi asiyepokewa zamu hulala usingizi, hata awe hodari namna gani. Wavuvi hawatoki usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hazivuti ndagala wakati huo. Siku hizo kaka zake wako nyumbani. Wao na wakeshe na mzee, dada yao alale.