Mbwa Mkubwa Nyumbani: German Shepherd au Rottweiler kwa Familia ya Bariadi?

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, mji umepata ofisi, nyumba za watumishi na nyua zilizozungushiwa kuta. Pamoja na ukuta huja haja ya mlinzi, na mara nyingi mlinzi anayefikiriwa kwanza ni mbwa mkubwa. Majina mawili hutajwa zaidi ya mengine: German Shepherd, ambaye wengi wanamfahamu kama mbwa wa polisi, na Rottweiler, yule mweusi mwenye alama za kahawia usoni na miguuni.

Swali la yupi afugwe huchukuliwa kuwa ni la mapenzi au la fedha. Kwa hakika ni swali la afya pia. Mnyama wa kilo 40 atakayeishi miaka kumi katika ua mmoja na watoto anahusu mlo wa kaya, usalama wa watoto, minyoo, kupe na, zaidi ya yote, kichaa cha mbwa.

Asili moja, tabia mbili

Mbwa hawa wote wawili wametoka Ujerumani, na wote walianza kazi wakiwa na mifugo. German Shepherd alianza kuandikishwa rasmi kama aina mwaka 1899, kwa juhudi za Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili na utiifu. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Msukuma anayejua kazi ya mbwa wa machungani hatashangazwa na historia hiyo.

Dume la German Shepherd huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Dume la Rottweiler hufika kilo 50, na jike lake kilo 40 au zaidi kidogo. German Shepherd ni mwepesi wa kujifunza na mwepesi wa kushtuka. Asipopewa kazi na mazoezi huwa na wasiwasi, hubweka ovyo na hukimbiza kila kinachopita. Rottweiler ni mtulivu zaidi, hushikamana sana na watu wake, lakini humtilia shaka mgeni, na nguvu za mwili wake humshinda mtu mzima asiyemzoeza mapema. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hata mzaha wa mbwa huyo unatosha kumwangusha na kumvunja mkono.

Wote wawili wanakabiliwa na ugonjwa wa kurithi wa nyonga, unaowafanya wachechemee wakiwa bado na umri mdogo. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara huomba kuwaona wazazi wa mtoto wa mbwa: wanatembeaje, na wanampokeaje mgeni. Mama mkali au mwoga kupita kiasi ni onyo tosha.

Jua, kupe na mbung'o

Simiyu si Ujerumani. Katika miezi ya kiangazi, kabla mvua hazijaanza, mbwa mwenye manyoya mazito anayefungwa juani au ndani ya kibanda cha bati anaweza kufa kwa joto siku hiyo hiyo. Rottweiler, kwa weusi na unene wake, huchoka mapema zaidi. Kivuli, maji ya kunywa wakati wote na mazoezi ya alfajiri au jioni ni mahitaji ya lazima.

Kupe ni adui wa pili. Katika eneo lenye ng'ombe wengi kama Bariadi, Itilima na Meatu, magonjwa ya damu yaletwayo na kupe huwapata mbwa wageni kwa ukali kuliko mbwa wa kienyeji, na German Shepherd hujulikana kwa kuugua vibaya baadhi ya magonjwa hayo. Rottweiler kwa upande wake huathirika zaidi na parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Chanjo yake huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa hadi afikishe wiki kumi na sita.

Kwa wanaoishi karibu na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti kuna mbung'o pia. Mbwa anayeumwa na mbung'o anaweza kupata ugonjwa wa vimelea vya jamii moja na vile vya malale. Hukonda, hupata homa na macho yake huweza kufunga utando mweupe. Dalili hizo zinahitaji daktari wa mifugo mara moja.

Lipo pia suala la sufuria. Mbwa wa kilo 40 anahitaji takribani kilokalori 1,600 hadi 1,800 kwa siku. Kwa hesabu ya nishati peke yake, hiyo ni karibu nusu kilo ya unga wa mahindi kila siku, yaani karibu magunia mawili ya kilo mia moja kwa mwaka, kabla ya kuongeza dagaa au nyama anayohitaji ili ajenge mwili. Kaya inayohesabu debe la mahindi hadi mavuno yajayo ipige hesabu hiyo kwanza. Mbwa mwenye njaa hutoka kutafuta jalalani, na huko ndiko anakokutana na mbwa wasiochanjwa.

Mtoto na mbwa

Watu wengi huamini kuwa hatari ni mbwa wa mtaani. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye: watoto wengi huumwa na mbwa wanaowafahamu, wa kwao au wa jirani. Huumwa wanapomsogelea akila, akilala au akinyonyesha. Kwa kuwa mtoto ni mfupi, jeraha huangukia usoni, kichwani au shingoni, sehemu ambazo ni hatari zaidi.

Mtoto wa mbwa asichukuliwe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Kuanzia hapo hadi wiki ya kumi na nne ndipo anapojifunza nani ni wa kwao: azoeshwe watoto, wageni, baiskeli, kuku na mbuzi. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali huwa mkali kweli, na ukali huo hauchagui mwizi na mwana wa nyumba. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule aliyekua naye. Dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kinyesi kifukiwe, na watoto wanawe mikono, kwa maana minyoo ya mbwa humwingia binadamu pia.

Ugonjwa usiojali aina

Kichaa cha mbwa hakitambui mbwa wa bei kubwa. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo takribani 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mno kuliko iliyokuwa ikiandikwa katika vitabu vya hospitali. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni karibu hakika.

Ukanda wa Serengeti unafahamu mbwa wanaweza kubeba nini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ukanda huo huo umetoa pia somo la matumaini: kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 1996 katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, zilipunguza sana kichaa miongoni mwa mbwa, na watu waliofika hospitali baada ya kuumwa wakapungua. Kinachotakiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Mbwa mmoja wa kifahari aliyechanjwa ndani ya ukuta hatoshi iwapo mbwa wa mtaa mzima hawakuchanjwa.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa au akirambwa penye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe majani, mafuta wala unga wa betri. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa ratiba iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, chanjo ya ndani ya ngozi hutolewa siku ya 0, ya 3 na ya 7, na jeraha lililotoboa ngozi huhitaji pia kingamwili ya kichaa cha mbwa kuzunguka kidonda. Hakuna sababu ya kusubiri kuona kama mbwa atakufa: mbwa afungwe na aangaliwe kwa siku kumi huku matibabu yakiwa yameanza. Akibaki mzima baada ya siku hizo, daktari ndiye ataamua kusitisha.

Mhudumu wa zahanati anayempokea mgonjwa aulize mambo manne: mbwa ni wa nani, amechanjwa lini na kadi iko wapi, aliuma kwa kuchokozwa au bila sababu, na nani mwingine ameumwa. Majibu hayo yamfikie afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwani nyuma ya mgonjwa mmoja mara nyingi wapo wengine ambao hawajafika.

Basi achaguliwe yupi?

Kwa kaya yenye watoto wadogo, uwanja wenye kivuli na mtu mwenye saa moja ya kumfunza mbwa kila siku, jike la German Shepherd kutoka kwa wazazi watulivu ndilo chaguo jepesi zaidi. Rottweiler awafae wenye watoto waliokwisha kukua, uzio imara, uzoefu wa kufuga mbwa na uwezo wa kumlisha. Asiye na muda, kivuli wala unga wa ziada hahitaji yeyote kati yao: mbwa wa kienyeji, ambaye mara nyingi hafiki kilo 20, hula kidogo, huvumilia jua na kupe wa Simiyu, na hubweka mgeni akiingia kama wenzake wa ng'ambo.

Kwa yeyote atakayechaguliwa, bei ya kumnunua ni mwanzo tu. Sindano ya kwanza ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa mwaka unaofuata na kila mara daktari wa mifugo atakapoelekeza. Familia isiyoweza kuahidi sindano hiyo isinunue mbwa, mkubwa wala mdogo.