Tangazo la chumba chako Kibera: ukweli ndio utakaokuletea wageni

Umepaka chumba rangi, umenunua godoro jipya, umeweka waifai na kupandisha picha kwenye Airbnb. Wiki tatu zimepita na hakuna aliyeweka nafasi. Hali hii huwapata wakazi wa Kibera na Kawangware wanaoanza biashara ya kukodisha chumba au nyumba kwa siku chache. Mara nyingi shida si chumba chenyewe. Shida ni tangazo, kwa sababu halimpi mgeni habari anazohitaji kabla ya kutoa pesa zake kwa mtu asiyemjua, katika mtaa ambao labda amesikia mabaya yake tu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kulirekebisha tangazo hilo, pamoja na mambo ya usalama na ya kisheria ambayo kila mwenyeji anapaswa kuyatimiza.

Usiufiche mtaa wako

Kosa la kwanza ni kuandika "karibu na Kilimani" au "Lavington" ilhali chumba kiko Kibera au Kawangware. Airbnb humwonyesha mgeni ramani ya eneo kwa makadirio kabla ya kulipa, kisha humpa anwani kamili nafasi ikithibitishwa. Akigundua umemficha, atafuta safari, au atafika akiwa amekasirika na kuandika malalamiko yatakayosomwa na kila anayekuja baada yake. Aliyechagua Kibera akijua ni Kibera hatakuwa na la kulalamikia.

Kwa hivyo taja mahali kwa jina: Olympic, Ayany, Makina, Karanja, Kawangware 46 au Gatina. Kisha eleza kilicho karibu ambacho mgeni anakifuata. Si wageni wote ni watalii. Jamaa wa mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Kenyatta au ya Mbagathi anatafuta mahali safi pa kulala. Mfanyabiashara kutoka Kisumu anakuja kununua mitumba Toi. Kila mwaka kuna wanaokuja kwa maonyesho ya kilimo Jamhuri Park. Pia kuna uwanja wa Talanta kando ya Barabara ya Ngong, wa kubeba watazamaji 60,000, ambao ujenzi wake ulianza 2024 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa nafasi ya kuyaandaa mashindano hayo kwa pamoja.

Kichwa cha tangazo kwenye Airbnb hakizidi herufi 50, basi kila neno lifanye kazi. "Chumba kizuri cha kifahari Nairobi" hakimwambii mgeni lolote. "Chumba na choo cha ndani, Olympic, Kibera" kinamwambia anachopata na mahali kilipo.

Jibu maswali manne

Mgeni anayesoma tangazo lako ana maswali manne kichwani. Yajibu waziwazi katika maelezo.

1. *Nitafikaje?* Taja matatu na kituo cha kushukia: nambari 8 kwa Kibera, 46 kwa Kawangware. Anayefika usiku kutoka uwanja wa ndege mpokee barabarani penye taa, kwa mfano kwenye Kibera Drive. Usimwache atafute nyumba peke yake vichochoroni.

2. *Nitakuwa salama?* Eleza kama kuna geti, linafungwa saa ngapi, kama kuna mlinzi, na nani ana funguo. Kama saa fulani si vizuri kutembea kwa miguu, mwambie.

3. *Maji na stima vikoje?* Kama maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, andika hivyo, kisha eleza ulivyojipanga: "Kuna tangi la lita 500, na maji ya moto ya kuoga yanapatikana asubuhi na jioni." Sema nani hununua tokeni, na kama kuna taa ya sola stima ikipotea.

4. *Nitalala na kuoga wapi?* Kama choo ni cha pamoja, sema kinatumiwa na watu wangapi na kiko umbali gani. Mgeni anaweza kukubali choo cha pamoja alichoambiwa mapema. Hawezi kukubali kukishtukia saa nne za usiku akiwa na mizigo mkononi.

Picha: onyesha chumba, heshimu majirani

Huhitaji kamera ya bei ghali. Safisha chumba, tandika kitanda, fungua pazia, na upige picha mchana ukiwa umesimama kwenye pembe, simu ikiwa imelazwa ili chumba kizima kionekane. Piga kitanda, bafu, choo, jiko, kufuli ya mlango, ngazi na njia ya kuingilia. Picha ya choo kisafi inaweza kuamua mengi kuliko picha ya maua mezani.

Usipige watoto wa jirani wala nyumba za watu ili tangazo "lipendeze" machoni pa wageni. Mwaka 2010, Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times akipinga ziara za watu wanaokuja kutazama umaskini wa wengine na kuondoka na picha. Mwenyeji anaweza kuwapa wageni kitu bora kuliko hicho. Waelekeze pa kula vyakula vya Wanubi huko Makina, na uwasimulie kwamba jina Kibra linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Waambie pia waombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Bei na maoni matatu ya kwanza

Tangazo jipya halina maoni, na kwenye Airbnb wastani wa nyota hauonekani mpaka wageni watatu wakupe alama. Ndiyo maana wageni watatu wa kwanza ni wa maana kuliko faida ya mwezi wa kwanza. Airbnb huwaruhusu wenyeji wapya kupunguza bei kwa asilimia 20 kwa nafasi tatu za kwanza. Tuseme bei yako ni shilingi 2,000 kwa usiku. Utatoza 1,600. Wageni watatu wakilala siku mbili kila mmoja, umeacha shilingi 2,400. Hiyo ndiyo gharama ya kujulikana. Kabla ya kupanga bei, hesabu pia ada ya tovuti, maji, tokeni, waifai na kufua shuka.

Jibu ujumbe haraka, na usimfutie mgeni nafasi aliyokwisha kulipia. Cheo cha Superhost hupewa aliye na wastani wa alama 4.8 au zaidi, anayejibu angalau asilimia 90 ya ujumbe, aliyepokea wageni angalau mara 10 kwa mwaka, na anayefuta chini ya asilimia 1 ya nafasi.

Malipo yapitie kwenye tovuti. Jihadhari na anayedai amekutumia pesa nyingi kupita kiasi na kutaka umrudishie zilizozidi. Angalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe pekee.

Usalama wa mgeni na wako

Januari 2024, wanawake waliuawa katika nyumba za kukodishwa kwa muda mfupi hapa Nairobi. Tangu hapo wageni wengi, hasa wanawake, huuliza maswali zaidi, na wana haki ya kuuliza. Mwenyeji afanye haya:

- Aandike katika daftari jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti ya kila anayelala, na asiruhusu watu wa ziada bila kuandikishwa.
- Atunze habari hizo kwa siri, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Picha ya kitambulisho cha mgeni haitumwi kwenye kundi la WhatsApp.
- Asiweke kamera ndani ya nyumba. Airbnb ilizipiga marufuku kuanzia Aprili 30, 2024. Ya nje iwe imetajwa katika tangazo.
- Aweke kizima moto, na kufuli inayofungika kutoka ndani.
- Abandike ukutani nambari za dharura: 999 na 112 za polisi, na 1195 ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Kabla ya kumpokea mgeni

Kama wewe ni mpangaji, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Bila hiyo unaweza kufukuzwa mgeni akiwa ndani. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, anayetoa malazi kwa wageni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Unahitaji pia leseni ya biashara ya kaunti, na mapato yako uyaeleze kwa KRA. Mwenye leseni ana jambo moja zaidi la kweli la kuandika katika tangazo lake, na mgeni mwenye wasiwasi hulisoma.

Jioni ya leo, fungua tangazo lako na ulisome kama mtu ambaye hajawahi kufika Kibera. Kila mahali utakapojiuliza swali, andika jibu. Kisha mpe jirani asome, umuulize kama alichosoma ndicho kilichopo.