MWALIMU NAYE HUSOMA: MAFUNZO YA WALIMU HAYAISHII KWENYE CHETI

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka polepole]

MTANGAZAJI: Leo mada yetu ni walimu, lakini hatuongei na walimu peke yao. Mzazi mwenye mtoto shuleni, baki nasi. Jambo hili ni lako pia.

Kambini, si kila anayesimama mbele ya ubao alisomea ualimu. Wapo waliokuja na D6 ya pedagojia na miaka mingi ya kazi. Wapo waliomaliza sekondari katika biokemia au biashara, na shule ilipokosa mtu, wakapewa chaki. Wote tunawaita walimu, na wote wanakabidhiwa darasa lililojaa. Huyu wa pili atajifunza kazi wapi? Na yule wa kwanza, je, aliyosoma zamani yanamtosha mbele ya watoto waliokimbia vita?

Jibu la maswali yote mawili ni mafunzo endelevu. Maana yake ni kwamba mwalimu anaendelea kujifunza kazi yake akiwa ndani ya kazi, mwaka hadi mwaka. Semina ya siku tatu, yenye fanta na cheti mwishoni, ni mwanzo tu. Tuseme kwenye semina umefundishwa kugawa watoto katika vikundi vidogo. Umerudi darasani, watoto ni 90, madawati hayatoshi, na kelele inafika hadi kwa mkuu wa shule. Wengi hapo huacha na kurudia njia ya zamani. Wazo halikuwa baya. Kilichokosekana ni mtu wa kukusaidia kulifanyia kazi.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Ndiyo maana mafunzo mazuri huwa na hatua nne. Mwalimu anajifunza jambo moja. Analijaribu darasani. Mwenzake anakaa nyuma na kumtazama, si kwa kumhukumu. Kisha wawili wanakaa chini: nini kimeenda vizuri, nini kibadilike wiki ijayo? Halafu wanaanza upya, na safari hii yule aliyetazama ndiye anayetazamwa.

Si ndoto. Hapa Burundi, kuanzia mwaka 2009, mpango uitwao IFADEM uliwafundisha walimu wa shule za msingi bila kuwatoa kazini. Walipewa vitabu vidogo vya kujisomea, wakawa wanakutana kwa vipindi na mkufunzi wao. Kule Kakuma, Kenya, mpango wa mwaka 2016 uliunganisha semina, mwalimu mwenzako anayekushauri shuleni, na washauri wa mbali kupitia WhatsApp. Tanzania nayo ina MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu wa shule moja hukaa pamoja na kujadili masomo yanayowasumbua. Katika mipango yote mitatu, mwalimu anajifunza bila kuliacha darasa lake kwa muda mrefu, na wala hajifunzi peke yake.

Sasa tuje kwenye viwango. Kiwango ni kipimo ambacho wote tunakijua mapema: mwalimu anajua atapimwa kwa nini, mzazi anajua adai nini. Mashirika ya elimu ya wakati wa dharura yalitunga mafunzo maalumu kwa walimu wa shule za msingi, yenye nguzo nne. Ya kwanza ni wajibu wa mwalimu na afya yake mwenyewe, ya mwili na ya moyo. Ya pili ni ulinzi wa mtoto, na kutomwacha nyuma mwenye ulemavu. Ya tatu ni namna ya kufundisha. Ya nne ni programu ya masomo na maandalizi yake.

Angalieni: ulinzi wa mtoto umekuja kabla ya namna ya kufundisha. Mwalimu anaweza kujua hesabu kuliko wote kambini, lakini akimpiga mtoto, akiomba pesa ili atoe pointi, au akimtaka msichana wa darasa lake, amevunja kiwango. Wazazi, shauri la namna hiyo halimalizwi kwa mbuzi kati ya familia mbili. Lipelekeni kwa wahusika wa ulinzi wa watoto kambini.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Mwalimu naye ana haki. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano ulioitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hali ya Walimu. Ndiyo sababu kila tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Pendekezo hilo linasema mafunzo ya walimu walio kazini yapatikane kwa wote, tena bila malipo. Suala la malipo lina uzito. Kenya, mwaka 2021, tume inayoajiri walimu ilipozindua mafunzo ya lazima kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, walimu wengi walipinga. Kama mwalimu mwenye mshahara wa serikali alilalamika, mwalimu wa kambini anayepokea posho ndogo atasema nini?

Jambo la mwisho ni karatasi. Tuseme ukweli: cheti cha semina hakichukui nafasi ya diploma ya taifa. Lakini siku utakaporudi nyumbani, au utakapohamia nchi nyingine, utaulizwa ulifanya nini miaka yote hiyo. Cheti kinachosema tu kwamba ulihudhuria kinajibu kidogo sana. Ombeni kiandikwe mada, tarehe, idadi ya saa, jina la aliyefundisha, sahihi na muhuri. Kisha kila mwalimu awe na daftari lake: nilijifunza nini, nilijaribu lini, nani alinitazama, nilibadilisha nini. Daftari hilo halisubiri mfadhili. Linaweza kuanza Jumatatu.

Wasikilizaji, mtoto wa kambini anapita darasa la kwanza mara moja tu. Hawezi kumngoja mwalimu wake mpaka amani irudi ndipo ajifunze kazi. Walimu, anzeni wawili wawili. Wakuu wa shule, wapeni saa moja kwa wiki. Wazazi, ulizeni, na mkiona kazi nzuri, msifieni mwalimu hadharani.

MASWALI YA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika shule yetu, walimu wanapata wapi nafasi ya kutazamana na kushauriana?
2. Kila mzazi hapa anajua ni wapi pa kupeleka habari mtoto akitendewa vibaya shuleni?
3. Tufanye nini, sisi jamii, ili mwalimu mzuri asiache kazi?

[Muziki wa kufungia]