Fahamu: Sheria inasemaje kuhusu ushahidi wa vinasaba Tanzania Bara

Tone la damu kwenye shati linaweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa asiye na kosa. Ndiyo maana upimaji wake unasimamiwa na sheria.

Nani anaruhusiwa kupima?

Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inasimamia uchukuaji, utunzaji na upimaji wa sampuli, pamoja na usiri wa majibu. Mtu hajipelekei sampuli mwenyewe: ombi hupitia mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama, polisi, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Uchunguzi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kesi huharibikia wapi?

Inaweza kuharibika kabla sampuli haijafika maabara. Mahakama ya Rufani imesisitiza kuwa kumbukumbu zioneshe nani alikamata kielelezo, nani alikitunza na nani alimkabidhi nani. Bahasha isiyo na lakiri wala saini huzua shaka, na shaka humnufaisha mshtakiwa. Hata hivyo, mahakama hiyo imelegeza sharti hilo kwa vielelezo ambavyo si rahisi kubadilishwa. Damu haimo katika kundi hilo.

Je, ripoti ya mkemia ndiyo hukumu?

Hapana. Ni maoni ya mtaalamu, na mahakama ikiwa na sababu za msingi inaweza kuyakataa.