Kapasita ya "Kutenganisha": Istilahi na Rezonansi ya Mabamba ya Umeme, kwa Kurejelea Mwambao wa Ziwa Mweru

Tangu SADC ilipokikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, istilahi za kiufundi zimekuwa suala la nchi zisizokitumia kwa mazoea pia. Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, Kiingereza ni lugha rasmi na Kibemba ndicho kisikikacho mitaani. Ng'ambo ya ziwa, huko Kilwa na Pweto nchini Kongo, Kiswahili ni lugha ya soko. Simu na vidhibiti vya chaji vya sola ni vilevile pande zote mbili, na ndani yake mna kijenzi ambacho tafsiri yake ya neno kwa neno ni "kapasita ya kutenganisha". Jina hilo linapotosha.

Bodi nyingi za saketi zenye tabaka kadhaa huwa na mabamba mawili mapana ya shaba: moja la volteji, jingine la ardhi. Chipu huvuta mkondo kwa mishtuko, na kila mshtuko husafiri baina ya mabamba kama wimbi, hugonga ukingo na kurudi. Mvuvi mwenye maji yaliyotuama chinichini mwa mtumbwi anaifahamu hali hii: mtumbwi ukiyumba kwa mwendo unaolingana na ule wa maji, maji hupanda mno ingawa msukumo ni mdogo. Hiyo ndiyo rezonansi. Mabamba ya sentimita 8, katika bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo, huifikia karibu na megahezi 900, jirani kabisa na masafa ya GSM 900. Pale mawimbi ya simu yanapofika yakiwa hafifu, kelele hiyo yatosha kuukata mtandao.

Kapasita haitenganishi mabamba hayo, huyaunganisha. Ni mtungi wa akiba kando ya chipu, unaotoa chaji kabla mkondo wa mbali haujafika. Hata hivyo ina kikomo. Kapasita ya nanofaradi 100 yenye induktansi ya nanohenri 1 hufanya kazi vizuri zaidi karibu na megahezi 16. Juu ya hapo huanza kutenda kama koili. Koili hiyo, ikikutana na uwezo wa mabamba wenyewe wa kuhifadhi chaji, huzaa kilele kipya: kwa mabamba yaliyotajwa, yakiachana milimita 1, ni takriban megahezi 320. Kuongeza kapasita moja, basi, kwaweza kuleta tatizo lisilokuwapo. Dawa ni kapasita nyingi zenye miunganisho mifupi, ukinzani kidogo wa kufifisha mtetemo na, katika masafa ya juu kabisa, mabamba yaliyokaribiana zaidi.

Fundi akikuta kapasita moja imepiga shoti, huing'oa; simu huwaka na mteja huondoka ameridhika. Aliyefundishwa kwamba kazi yake ni "kutenganisha" hana sababu ya kuirudisha nyingine. "Kapasita ya kutuliza volteji" ni jina refu zaidi, lakini linamwambia fundi kilichopotea.