Kuunda kompyuta yako au kununua iliyo tayari? Anza na matundu ya skrubu

Mwanafunzi wa uzamili ana hela ya mashine moja tu, na hiyo ndiyo itabeba data zake mpaka tasnifu iishe. Anunue iliyo tayari, au anunue vipande aunge mwenyewe? Wengi hukimbilia kulinganisha bei. Mimi nasema uliza kwanza: kitu kikifa mwaka wa pili, nitakibadilisha?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1981 IBM walitoa PC yao kwa kutumia vipande vingi vilivyokuwa tayari sokoni, prosesa ikiwa ya Intel. Wengine wakaiga. Mwaka 1995 Intel wakatoa kiwango kinachoitwa ATX, kinachoeleza ukubwa wa mazabodi, matundu ya skrubu yakae wapi na pawa saplai ichomekwe vipi. Ndiyo maana leo unaweza kuchukua kesi ya kampuni moja, mazabodi ya nyingine na pawa saplai ya tatu, vikakaa pamoja. Hakuna kuchomelea chochote, ni skrubu na plagi tu.

Sasa, mashine nyingi za tayari hazifuati kiwango hicho chote. Baadhi ya kompyuta za ofisini zinazouzwa mtumba zina pawa saplai yenye umbo na plagi za kampuni yenyewe. Ikiungua, ya kawaida haiingii, inabidi usake ileile. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi. Ukinunua GB 8, utabaki na GB 8. Data zikizidi hapo, kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu ya ziada, na diski ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM. Kazi ya saa moja inakula usiku mzima.

Kuna na joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zisiungue. Kwenye kesi kubwa yenye feni nzuri, joto lina pa kutokea. Kwenye laptopu nyembamba halina, kwa hiyo kasi uliyosoma kwenye boksi unaipata dakika chache tu, si kwa modeli inayokimbia siku mbili.

Ukiamua kuunda, piga hesabu ya umeme. Tuseme prosesa wati 65, kadi ya michoro wati 170, vingine vyote wati 60. Jumla ni wati 295. Chukua pawa saplai ya wati 500 ya kampuni inayoaminika. Usibane hela hapa, maana pawa saplai mbovu ikifa inaweza kufa na wenzake. Hakikisha pia RAM inaendana na mazabodi: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5.

Je, kununua tayari ni ujinga? Hapana. Kama unakwenda uwandani, laptopu haina mpinzani. Umeme ukikatika ina betri, wakati deskitopu bila UPS inazima na kazi yako. Waranti nayo ni moja, dirisha moja. Ukiunda mwenyewe, kila kipande kina waranti yake na fundi wa kutafuta kosa ni wewe.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla ya kutoa hela, omba wafungue kesi. Angalia kama kuna tundu la RAM lililo wazi, kama pawa saplai ni ya ATX, na kama diski inatoka kwa skrubu. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka la pili.