Seiya, mutoto wa bronze mbele ya wenye zahabu

Watu wengi wanamujua Seiya kupitia jina la Kifaransa: Les Chevaliers du Zodiaque. Jina hilo linadanganya kidogo. Zodiaque iko na alama 12, na Pegase, farasi mwenye mabawa mwenye Seiya anavaa alama yake, haiko kati yazo. Wenye zodiaque ni wakubwa, wale 12 wenye kuvaa zahabu. Seiya anavaa bronze. Ku Japani, Masami Kurumada mwenye alianza kuichora mu 1985, aliipa historia yake jina la mutoto mwenyewe: Saint Seiya. Kumbe Wafaransa waliandika ku mulango jina la wakubwa, na mutumikaji akabakia ndani.

Juu ya bronze, wasomaji wetu hawana lazima ya mwalimu. Ni mukuba na étain, vyenye kuyeyushwa pamoja. Mukuba tunaikanyaga kila siku, étain watu wa Manono wanaijua. Mu historia hii ngazi ni tatu: bronze chini, feza katikati, zahabu juu. Muntu wa bronze anapiga ngumi kwa mwendo wa sauti. Mwenye zahabu anapiga kwa mwendo wa mwangaza. Fanyeni hesabu: mwangaza unaishinda sauti zaidi ya mara 800 000. Njo mashindano yenye walimutuma mutoto wa miaka 13.

Alifika namna gani pale? Kwa ahadi. Seiya alikuwa yatima, hakuwa na muntu isipokuwa yaya yake, Seika. Tajiri mumoja, Mitsumasa Kido, alikusanya watoto yatima 100 na kuwatawanya mu dunia yote ili kila mumoja atafute nguo ya vita. Seiya walimutuma Ugiriki. Wakamutenga na yaya yake, na neno likawa moja: rudia na nguo ya Pegase, utamuona yaya. Alikaa kule miaka sita. Kati ya wale 100, wenye walirudia na nguo ni 10. Kitabu kinapita haraka juu ya wale 90 wengine. Sisi tulisimama kidogo ku hesabu hiyo.

Kule Ugiriki mwalimu wake ni mwanamuke, Marin, mwenye kuficha uso na maski. Anamufundisha kupasua jiwe. Anamuambia kama kila kitu kimefanyika na atome, jiwe sawa na mwili wa muntu, na mwenye anataka kupasua kitu lazima afike mupaka ku atome yenyewe. Sayansi yake ni ya vitabu vya picha, tunakubali. Lakini wenye wanafanya kazi ya mawe watamusikia Marin bila shida: mwenye anapiga ovyo anachoka, mwenye ameona ufa anafungua.

Basi Seiya anamushinda Cassios, jitu lenye lilitaka nguo hiyo hiyo, na anarudia Japani. Pale anakuta mambo gani? Mzee Kido alikufa. Mu kiti chake iko mujukuu wake, Saori, musichana mudogo. Seika alipotea zamani, hakuna mwenye anajua fasi iko. Na Saori anamuambia: ingia kwanza mu mapigano yetu mbele ya watu, ukishinda tutamutafuta yaya yako. Kazi ya kwanza imekwisha, mushahara haujatoka, na tayari wanamuomba kazi ya pili.

Tena Saori na Seiya walijuana tangu utoto. Siku moja Saori alitaka Seiya ainame awe farasi wake, amupande. Seiya alikataa. Mwenzake Jabu akakubali, akainama. Mukumbuke jambo hilo, litarudia.

Watoto wanasema: « Banamupika, anaanguka, analamuka tena! » Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kurumada alikuwa amechora zamani historia ya boksi, Ring ni Kakero, na alijua vizuri namna ya kumulalisha muntu chini na kuhesabu. Seiya anaanguka mingi kuliko shujaa mwingine mwenye tunamujua. Nusu ya pili ya ukweli ni hii: karibu kila mara anaposimama, iko mwingine mwenye alilipa.

Tuchukue Shiryu, mwenye nguo ya Dragon. Wanapigana mu yale mapigano ya Saori. Shiryu iko na ngabo yenye haivunjike na ngumi yenye haishindwe. Seiya anafanya mpaka ngumi na ngabo vinakutana, vyote vinavunjika. Kisha anamupiga Shiryu ku moyo, na moyo unasimama. Seiya mwenyewe hana nguvu tena, lakini ni yeye anapiga ngumi ya mwisho ku mugongo wa Shiryu, moyo unaanza tena. Nyuma ya pale, Shiryu anabeba nguo mbili zilizovunjika mupaka Jamir, mu milima ya Tibet, kwa fundi Mu. Fundi anaziangalia na kusema zimekufa. Chuma yake inaomba damu ya muntu. Shiryu anajikata mishipa na kumwanga damu yake, juu ya nguo yake na ya Seiya.

Na Cassios? Wengi wanamusahau. Wakati Saori, mwenye kumbe ni mungu-muke Athena, amelala na mushale wa zahabu mu kifua, Seiya na wenzake wako na saa 12 kwa kupita nyumba 12 za wakubwa. Ku nyumba ya Simba, Aiolia, muntu mwema, amefungwa akili na Papa wa uongo. Akili yake haitafunguka mupaka aone muntu anakufa mbele yake. Cassios anaingia ndani, anakufa kwa mikono ya Aiolia, na Seiya anapona. Alifanya hivyo sababu Shaina, mwalimu wake, alimupenda Seiya. Kwetu njo ukurasa muzuri kuliko yote, na shujaa hakupiga hata ngumi moja ndani yake.

Wazazi wenye wanaona mule paka fujo na damu hawakosei kabisa: iko sana. Ufaransa, kwenye ilianza kuonekana mu 1988 ndani ya Club Dorothée, ugomvi ulikuwa ule ule. Tunawaomba tu kukaa na watoto mbele ya televizio na kuuliza: huyu amesimama sababu ya nani?

Na mushahara wa Seiya? Marin, mwenye wasomaji walizania ni yaya yake, siye. Seika anaonekana mu vita ya mwisho, dhidi ya Hadès. Alikuwa Ugiriki, amepoteza kumbukumbu. Anamuita kaka yake kutoka mbali, na Seiya anasikia sauti. Kisha anapokea upanga wa Hadès mu kifua. Vitabu 28 vinaishia pale, mwaka 1990.

Mu 2006 Kurumada alirudilia kuchora, mu Next Dimension. Seiya iko mu kiti cha magurudumu, hasemi, haangalie, upanga wenye hauonekane uko ungali mu kifua chake. Saori anakaa naye na kumuchunga. Ule mutoto mwenye alikataa kuwa farasi, leo ni Saori mwenyewe anasukuma kiti chake.